Neno Moja la Rangi na Kazi Yake

Wanafunzi, katika masomo yaliyotangulia mmesoma habari za safari, za wanyama na za watu wa kale. Leo nataka kusema nanyi juu ya neno moja tu. Huenda wengine wenu wakacheka, wakisema, "Mwalimu ameishiwa na habari, sasa atuletea neno moja kama mtu apelekaye punje moja ya mahindi sokoni." Chekeni, si kitu, lakini ngojeni kwanza mwone punje hiyo imetoka shamba gani. Tena mimi nina deni katika jambo hili, nami nitalitaja mbele yenu bila kuficha, kwa kuwa aliyenidai alikuwa mwanafunzi kama ninyi.

Neno lenyewe ni la Kiingereza, nalo ni incarnadine. Hulisikii sokoni wala barazani. Mwingereza aweza kuishi miaka sabini, akanunua na kuuza, akaoa na kuoza, asilitamke hata mara moja. Ni kitenzi kilichotokana na jina la rangi, na maana yake, kama lijulikanavyo sasa, ni kutia wekundu, kukigeuza kitu kiwe chekundu kama damu. Ni neno la vitabuni, tena vitabu vya kale. Nami nadai kwamba mtu akilifuata neno hili katika vitabu vitatu tu, atajua habari za kuandika kuliko yule aliyekariri orodha ya maneno magumu mia mbili.

Na tuanze na rangi. Sisi tusemao Kiswahili twajua vema jinsi rangi zipatavyo majina yake. Rangi zenye maneno yake zenyewe, yapokeayo viambishi kama sifa nyingine, ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Hizo nyingine tumeziazima kwa vitu. Kijani ni jani, na kijivu ni jivu. Manjano ni kile kiungo kitiwacho katika mchuzi. Zambarau ni tunda litiao ulimi rangi, hata mama akajua mara moja mtoto alikuwa juu ya mti gani. Kahawia ni kahawa, na samawati imetoka katika neno la Kiarabu la mbingu. Nao wekundu uliokolea hata ukakaribia weusi, wazee waliuita damu ya mzee, jina ambalo mimi nalipenda kupita yote, kwa maana ukilisikia mara moja huwezi kuikosea rangi yake.

Neno la Kiingereza nalo lilizaliwa vivyo hivyo. Mzizi wake ni neno la Kilatini lenye maana ya nyama au mwili, na katika mzizi huo huo Waingereza wamepata pia jina la wanyama walao nyama. Katika Kiitalia na Kifaransa likawa jina la rangi, yaani rangi ya mwili. Waingereza wakalipokea mwishoni mwa karne ya 16, nalo lilikuwa likitaja wekundu hafifu, ule wa waridi au wa shavu la mtu.

Hapo mwanafunzi mwenye akili atauliza: shavu la mtu gani? Ni swali jema, nami nalifurahia kila mara liulizwapo darasani. Rangi ya mwili, kwa wale waliolitunga neno, ilikuwa rangi ya miili yao wenyewe. Kama neno hilo lingalitungwa Karagwe au Lamu, lingalitaja rangi nyingine kabisa, pengine ile ya kahawa iliyokaangwa. Sisemi hivi kwa kuwalaumu. Kila mtu huitaja rangi kwa kitu kilicho karibu na macho yake, nasi tulitaja jivu kwa sababu lilikuwa mekoni mwetu. Lakini yafaa mjue kwamba majina ya rangi yana wenyewe, nayo hayakushuka kutoka mbinguni yakiwa tayari.

Basi, neno hilo la shavu na waridi liliingiaje katika damu? Aliyelitia humo ni William Shakespeare, yule mtunga michezo wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1564 na kufa mwaka 1616. Yapata mwaka 1606 alitunga mchezo uitwao Macbeth, nao haukupigwa chapa mpaka mwaka 1623, miaka saba baada ya kufa kwake, rafiki zake walipoikusanya michezo yake 36 katika kitabu kimoja kikubwa.

Habari za mchezo huo kwa ufupi ni hizi. Macbeth alikuwa jemadari wa Uskoti, na jamaa ya mfalme Duncan. Akirudi vitani alikutana na wachawi watatu, wakamwambia kwamba siku moja atakuwa mfalme. Maneno hayo yakamwingia moyoni kama mchwa waingiavyo katika boriti. Mkewe naye akamchochea. Siku si nyingi mfalme mwenyewe akaja kulala katika ngome yao huko Inverness. Duncan alikuwa bwana wao, tena jamaa yao, tena mgeni wao aliyekula chakula chao jioni ile ile. Usiku Macbeth akaingia chumbani, akamwua usingizini kwa jambia.

Sasa angalieni. Macbeth ametoka chumbani. Kwa kuchanganyikiwa ameyachukua majambia pamoja naye, na mkewe ameyanyakua kwenda kuyarudisha, apate kuwapaka damu watumishi waliolala, ili wao wadhaniwe kuwa wauaji. Macbeth amebaki peke yake. Mara lango la nje linabishwa. Anashtuka, kisha anaitazama mikono yake. Anajiuliza kama bahari yote yaweza kuiosha damu ile. Anajijibu kwamba haiwezi. Bali mkono wake ndio utakaozitia bahari zote wekundu, hata maji ya kijani yasionekane tena.

Hapo ndipo neno letu litokeapo, na hapo limegeuka. Lilikuwa jina na sifa ya rangi; Shakespeare amelifanya kitenzi, na katika maandiko yanayojulikana yeye ndiye wa kwanza kulitumia hivyo. Tena lilikuwa la wekundu wa shavu. Yeye amelitia katika damu ya mtu aliyeuawa, nalo halikutoka humo tena. Leo ukimwuliza Mwingereza aliyesoma, neno hili ni rangi gani, hatakuambia waridi. Atakuambia damu.

Mtu aweza kusema, "Lakini Waingereza walikuwa na maneno mepesi ya kusema kutia wekundu. Kwa nini asiyatumie hayo?" Nalijibu swali hili kwa namna mbili, na ile ya pili ndiyo iliyo kubwa kwangu.

Ya kwanza ni ukubwa wa jambo lenyewe. Bahari ni kubwa, na neno dogo lingalizama ndani yake. Shakespeare ameweka hapo maneno mawili marefu ya Kilatini, moja la wingi wa bahari na moja la kuzitia wekundu, na hayo mawili yana silabi tisa. Yasomeni kwa sauti, hata kama hamjui maana: kinywa kinafunguka na kufumba, kinafunguka na kufumba, kama wimbi lijalo na kurudi. Je, ametia chumvi? Naam, ametia. Damu ya mtu mzima ni kama lita 5 tu, nazo hazitoshi kutia rangi hata kisima cha kijijini. Lakini asemaye si mwalimu wa hesabu. Ni mtu aliyemwua mgeni wake saa ile ile, na mtu wa namna hiyo hapimi kwa lita.

Ya pili ni hii. Sifa huonyesha kitu kilivyo, basi. Nikisema, "Maji ni mekundu," hamjui aliyeyatenda. Huenda ni udongo wa mvua, huenda ni jua la jioni. Lakini kitenzi hakina budi kuwa na mtendaji. Nikisema, "Mkono umeyatia maji wekundu," mmekwisha kumjua mwenye kosa. Macbeth angeweza kusema kwamba bahari itakuwa nyekundu, na maneno hayo yangalikuwa ya kutisha. Walakini yangalimwacha yeye pembeni, kama mtu asimamaye ufuoni akitazama. Yeye amesema kwamba mkono wake ndio utakaofanya. Amejishtaki mwenyewe kwa sarufi. Ndiyo sababu alihitaji rangi iliyo kitenzi, na kwa kuwa hakuwa na moja yenye ukubwa wa kumtosha, ilibidi mtungaji amtengenezee. Sijui kama kuna somo la vitenzi lililo bora kuliko hilo katika vitabu vyetu vyote vya sarufi, pamoja na kile nilichofundishia mimi.

Tena kuna jambo moja ambalo wengi hulipita bila kuliona. Mara baada ya maneno hayo makubwa, Shakespeare ameweka maneno madogo kabisa, ya Kiingereza cha kale kijulikanacho na kila mtoto: la kijani, la moja, la nyekundu. Yaani amelitafsiri neno lake mwenyewe papo hapo. Kwa nini? Kumbukeni walioutazama mchezo. Katika jumba la michezo huko London waliokaa vitini walilipa zaidi, lakini katika ua wa chini watu walisimama kwa senti yao moja ya Kiingereza: mafundi, watumishi, wachukuzi, vijana waliotoroka kazini. Wengi wao hawakujua Kilatini. Mtungaji hakuwadharau. Amewapa radi, kisha amewaambia radi imesema nini. Mwenye elimu na asiye nayo wakaondoka na maana moja.

Hata alama ya mkato ina habari yake hapo. Katika kitabu cha mwaka 1623 mkato umewekwa baada ya neno la moja, hata ikasomeka kwamba ile bahari moja ya kijani yageuzwa nyekundu. Wahariri wa baadaye wakauondoa, na maana ikawa wekundu mmoja, wekundu mtupu toka ufuo huu hata ufuo ule. Mimi nawafuata hao wa baadaye, kwa maana jambo la kutisha ni kwamba hapabaki mahali pa kijani. Ninyi ambao husema, "Mkato ni kitu kidogo, Mwalimu, mbona unanikata alama?" tazameni: mkato mmoja umeibadili bahari nzima. Mpiga chapa wa kitabu kile naye alilitia neno letu herufi r moja ya ziada, na si ajabu, kwa kuwa lilikuwa geni kwa watu wote wakati ule.

Na baada ya hapo? Katika michezo yake yote na mashairi yake yote, Shakespeare hakulitumia neno hilo tena. Mara moja tu. Alilitengeneza kwa kazi moja, akaifanya, akaliweka chini. Anayerudi sasa kutoka chumbani ni mkewe, mikono yake nayo imejaa damu, naye anasema kwamba maji kidogo yatatosha kuwasafisha. Mume ameona kwamba bahari zote hazitoshi. Mke ameona kwamba kata moja yatosha. Mwishoni mwa mchezo mwanamke huyo huyo anatembea usingizini usiku, akiisugua mikono yake isiyo na kitu, akilia kwamba doa halitoki. Hapo mtungaji hakumpa neno lolote kubwa. Amempa maneno mepesi ya mwanamke afuaye nguo, na hayo ndiyo yaliyotosha.

Sasa njoni katika kitabu cha pili. Thomas Carew alikuwa mshairi wa Uingereza aliyekufa mwaka 1640, na mashairi yake yalipigwa chapa mwaka huo huo. Katika shairi moja amlilia bibi kijana wa nyumba kubwa aliyefariki. Asema kwamba wasichana wenzake watamchora sura yake: mmoja atayafanya macho, mwingine atayafanya meno kuwa lulu, wa tatu ataumwagia mkono theluji, na wa nne atalitia wekundu shavu lake, kwa kitenzi kile kile cha Macbeth. Neno limerudi nyumbani kwake shavuni, na mtu hawezi kusema kwamba ni kosa. Lakini kila kiungo kimepewa kitenzi chake cha ajabu, macho, meno, mkono, shavu, mpaka msomaji anajisikia kama amesimama mbele ya duka la vito, naye amesahau kwamba kuna maiti nyumbani. Mimi sipendi shairi hili. Najua kwamba mtindo wa wakati ule ulikuwa huo, na kwamba wako wanaolisifu kwa ufundi wake. Lakini mtu anayelia hahesabu vito. Neno la Shakespeare limefanywa hapa kuwa poda ya uso.

Kitabu cha tatu kitatuleta karibu na kwetu. Mwaka 1859 Mwingereza mwingine, Edward FitzGerald, alitoa kwa Kiingereza mashairi ya Omar Khayyam, mwanachuoni wa Uajemi aliyekuwa bingwa wa hesabu na wa nyota, na aliyekufa mwaka 1131. Katika ubeti mmoja ndege aimbaye usiku analililia ua la waridi, akilisihi linywe divai ili shavu lake la manjano litiwe wekundu. Na kitenzi ni hicho hicho. Katika chapa za baadaye FitzGerald aliligeuza lile neno la manjano kuwa neno la rangi ya mtu mgonjwa, lakini kitenzi hakukigusa. Naona alifanya vema. Hapa neno lina kazi, kwa sababu kuna mabadiliko: shavu lilikuwa hivi, nalo litakuwa vile, na kitakachofanya hivyo ni divai. Si kazi kubwa kama ile ya Macbeth, lakini ni kazi ya halali.

Nimesema kitabu hiki chatuleta karibu na kwetu, na sababu ni kwamba Shaaban Robert, mshairi wetu wa Tanga, aliyaleta mashairi hayo katika Kiswahili kutoka Kiingereza cha FitzGerald. Kitabu chake kiitwacho Omar Khayyam kwa Kiswahili kilitoka mwaka 1952. Na mwaka 1968 S. S. Mushi akautoa mchezo wa Macbeth kwa Kiswahili, kwa jina la Makbeth. Basi mara mbili neno hili limebisha hodi katika lugha yetu. Mkivipata vitabu hivyo, tafuteni mahali pale, mweke Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, mtazame jinsi mafundi hao wawili walivyomkaribisha mgeni. Kazi hiyo ina faida kuliko kunakili ubaoni.

Maana Kiswahili, nacho, kina shida yake hapo. Kutoka -ekundu hatuna kitenzi kimoja kijulikanacho na watu wote. Twazunguka na kusema kutia wekundu, au kufanya kuwa -ekundu. Ndugu zetu wengine wamebahatika zaidi. Katika Kinyarwanda kitenzi kwera ni kuwa -eupe, na tena ndicho kitumikacho kwa mazao yaliyofikia kuvunwa.  Kiswahili kina kueua, yaani kumtakasa mtu au kumwondolea uchafu na uchawi, na sikio lasikia kwamba neno hilo halikai mbali na -eupe. Na kwa wekundu tuna kuwiva. Mtu aliyelia usiku kucha twasema macho yamemwiva, wala hakuna adhaniaye kwamba yamepikwa.

Neno hili kuwiva ndilo deni langu.

Nilipokuwa mwalimu kijana, nilifundisha katika shule moja ya milimani karibu na Bukoba, ambako watu walima kahawa na migomba, na Ziwa Viktoria laonekana chini toka darasani. Siku moja niliwapa wanafunzi insha juu ya jioni. Mvulana mmoja, mtoto wa mkulima wa kahawa, mtaratibu, asiyesema sana, aliandika kwamba jua lilipokuchwa ziwa liliwiva. Hakuongeza neno. Nikalipiga mstari neno hilo, nikaandika pembeni kwa wino wangu mwekundu: "Ziwa haliwivi. Ndizi ndiyo iwivayo. Andika: ziwa lilikuwa jekundu." Tena nikalisoma kosa lake mbele ya darasa, nao wakacheka, nami nikacheka pamoja nao.

Kumbukeni kwamba wakati ule mimi nilikuwa nimekwisha kuusoma mchezo wa Macbeth. Niliusoma kwa ajili ya mtihani wa cheti cha ualimu. Neno incarnadine nilikuwa nimeliandika katika daftari langu pamoja na maana yake, na maana yake niliijua kwa moyo. Ningeulizwa na mtahini, ningalijibu upesi. Na siku ile ile aliponijia mtoto aliyefanya kwa Kiswahili jambo la namna ile ile, kwa neno la kwao, lililotoka katika mkahawa wa baba yake ambapo buni huanza kijani, ikapata wekundu upande mmoja, ikaenea polepole mpaka ikawa nyekundu yote, mimi sikuliona. Ziwa lake lilifanya vile vile hasa: lilianza upande mmoja. Neno jekundu nililompa lilikuwa sahihi, nalo lilikuwa limekufa. Halikuwa na mwanzo wala mwendo.

Sasa katika shule ile, kama katika shule nyingi, tulikuwa na orodha ya maneno magumu ubaoni, nasi walimu tuliwapa alama wanafunzi waliyoyatumia. Yule mvulana hakuwa mjinga. Alielewa kipi kinachopendeza. Insha yake iliyofuata ilisema kwamba jua adhimu lilikuchwa kwa taadhima kuu. Nikampa alama nane katika kumi. Nilimfundisha miaka miwili zaidi, wala sikuliona tena neno la kwao katika maandishi yake.

Miaka ilipita kabla sijausoma tena mchezo ule, safari hii bila mtihani, jioni, kwa taa. Nilipofika mahali pa mkono na bahari, nililikumbuka ziwa. Nawaambia kweli, nilikifunga kitabu. Shakespeare naye, kama angalikuwa katika darasa langu, ningalimpigia mstari: "Hili si kitenzi. Hili ni jina la rangi ya shavu."

Wako walimu wenzangu watakaosema kwamba nikiyaandika haya katika kitabu cha shule nitawafungulia wanafunzi mlango, kila mmoja atajitungia vitenzi vyake, na insha zitakuwa vichaka. Hofu hiyo naielewa, kwa kuwa mimi ndimi nisahihishaye vichaka hivyo. Lakini hawaoni kwamba orodha ya maneno magumu imekwisha kuotesha kichaka kibaya zaidi, kichaka cha maua ya karatasi. Mtoto anayesema ziwa limewiva ameliona ziwa. Yule anayesema jua adhimu ameuona ubao. Akikosea yule wa kwanza, naweza kumwuliza, "Ulikuwa na maana gani, mwanangu?" naye atanijibu, na pengine nitajifunza. Huyu wa pili nimwulize nini? Kwa hiyo katika darasa langu orodha ile nimeifuta. Mwanafunzi akiandika neno nisilolizoea, simpigii mstari. Namwita, naye ananieleza mambo mawili: ni nani au nini kinachotenda hapo, na kama bibi yake akisomewa atafahamu. Akiweza kujibu, neno linakaa. Wengi hawawezi, nao hulifuta wenyewe bila kununa.

Mwaka mmoja uliopita, nikiwa katika safari, nilimkuta yule mvulana. Ni mtu mzima sasa, ana watoto, na ana kazi katika ghala ya kahawa. Alinijua mara moja, akaja mbio. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo na nyumba yako?"

Tukaketi nje ya ghala penye majamvi ya buni iliyoanikwa. Nikamweleza habari yote: ziwa, wino, kicheko cha darasa, Macbeth. Nikamwambia kwamba neno lake lilikuwa jema, nami ndiye niliyekosa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akiisogeza buni kwa mkono.

"Neno lipi, Mwalimu?" akauliza.

Nikamtajia.

Alifikiri kitambo, kisha akatikisa kichwa akicheka. Hakulikumbuka. Alikumbuka taadhima.